Gari Linalooshwa Kila Alhamisi

Alhamisi, baada ya alasiri. Joto limekataa kuondoka. Bahari imetulia kama maji kwenye sinia, na mabati juu ya kichwa changu yanalia moja moja kwa kupoa.

Shajara yangu, leo nakuandikia kwa mikono michafu. Nimeisugua kwa jivu na bado grisi imebaki chini ya kucha. Sikuoga. Kwa nini sikuoga nitakueleza, maana ndiyo habari yenyewe.

Niliamka na neno moja kifuani: kesho.

Kesho asubuhi natakiwa niwe Lindi, mbele ya kamati inayowasikiliza vijana wanaoomba kwenda chuo kikuu. Siku hizi mtu hamalizi kidato cha sita akaingia Mlimani moja kwa moja. Kwanza afanye kazi, kisha wale aliofanya nao kazi wamsemee. Mimi kazi nimeifanya hapa, kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika, na mwenyekiti wa kijiji amekubali twende pamoja akanisemee. Nilimwomba asimwambie mtu; wengine wajue nakwenda kuchukua chaki tu. Kilichobaki ni kufika. Asiyefika hasikilizwi, na kamati haitakaa tena mpaka mwakani.

Mwaka mwingine hapa. Nimeiandika sentensi hiyo ili niitazame. Siwezi kuitazama.

Na kufika Lindi maana yake ni landrova la kijiji. Hakuna kingine. Barabara kuu ni mwendo wa kutwa kwa miguu, na basi la kutoka Kilwa hupita siku linayotaka lenyewe. Landrova ndilo hubeba wagonjwa, korosho, chaki, mbegu, na wageni wa Chama wanapokuja kutuhutubia. Tangu mvua zikatike, limekuwa likipoteza umeme.

Huanza kwa honi. Honi inakauka sauti kama mtu mwenye mafua. Kisha taa zinakuwa nyekundu, kama makaa yanayoingia jivu. Gari likiwa kwenye mwendo linajikaza, lakini likipunguza tu, kwenye mchanga au mlimani, linazimika, na ukigeuza ufunguo unasikia tak, basi. Dereva wetu, kaka Hemedi, hufungua betri, akasafisha vichwa vyake kwa maji ya moto, likapona siku moja au mbili, kisha likarudia. Wameazima betri nyingine, hali ni ile ile. Wamelipeleka Lindi, fundi akafungua dainamo, akabadilisha kaboni zake, akasema sasa litachaji. Halikuchaji. Fyuzi zimetazamwa mpaka zimeanza kulegea kwa kutazamwa.

Jumatatu tulijaribu safari, ili niwahi na nilale kwa rafiki yangu wa shule mpaka siku ya kamati. Lilizimika kwenye mchanga karibu na mikoko, tukiwa bado tunaona minazi ya kijiji nyuma yetu. Nilirudi kwa miguu, viatu mkononi, gauni la safari likiwa na tope mpaka magotini. Watu waliokuja kusukuma walikuwa wanafunzi wangu. Walisukuma wakiimba. Mimi nilikuwa nikilia, nikajifanya jasho limeniingia machoni.

Nikiri kitu. Nimeanza kukichukia kijiji hiki. Jana mzee mmoja aliandika jina lake kwa mara ya kwanza katika maisha yake, herufi zote, mpaka nukta ya mwisho ambayo haikuhitajika. Akageuka kunitazama. Nikamwambia vizuri, huku macho yangu yako dirishani, kwenye boneti la gari lililoachwa wazi.

Aliliona hilo. Akafuta ubao mwenyewe.

Nao wamefungwa hapa kama mimi, hilo nalijua. Ni Wamwera wa bara, watu wa vilimani upande wa Milola, walioletwa huku pwani kijiji kilipoanzishwa. Mikorosho yao imebaki kule. Msimu ukifika wanakwenda kwa miguu, wanalala porini, wanarudi na magunia kichwani. Wanaitaja mikorosho ile kama watu wanavyowataja ndugu waliougua. Nami nasimama mbele yao na chaki, nawafundisha kuandika "Tunaishi pamoja", wanaandika. Hawabishi. Wana adabu kuliko mimi.

Leo asubuhi sikufundisha. Nilikwenda bandani linakolazwa gari, nikamkuta kaka Hemedi amekaa kwenye tairi, ameinamisha kichwa. Nikamwambia naomba nitazame.

"Dada mwalimu, utachafua gauni," akasema, lakini akanisogezea kigoda.

Sikuwa na ujuzi wowote wa magari. Nilikuwa na somo moja tu la fizikia, ambalo sikulipenda wakati ule: betri kavu, glopu ndogo, nyaya mbili. Mwalimu wetu alikata waya unaotoka kwenye betri, glopu ikazima. Akauunga. Akakata ule wa pili, unaorudi, glopu ikazima vile vile. Akatuuliza, ni waya upi una kazi zaidi? Wote tukajibu, wa kwanza. Akatuandikia sifuri.

Nilikaa pale nikifikiri kwamba tangu ugonjwa uanze, kila mtu ameuliza umeme unatoka wapi. Betri, dainamo, fyuzi, wote ni watoaji. Hakuna aliyeuliza unarudi wapi.

Nikamuuliza kaka Hemedi. Akasema unarudi kwenye mwili wa gari wenyewe, halafu kutoka kwenye chesisi unapanda kwenye betri kwa waya mmoja mpana, ethi, uliofungwa kwa chini.

"Umewahi kuutazama?"

"Huo hauharibiki," akasema. "Huo umekaa tu, haufanyi kazi yoyote."

Nikamwomba awashe taa za mbele. Zikaja nyekundu, macho ya mtu aliyekesha. Kwenye sanduku lake la spana kulikuwa na kipande cha waya mnene. Nikamwambia akwangue rangi mahali pamoja kwenye chesisi mpaka chuma king'ae, kisha nikashika ncha moja ya waya hapo, kwa kitambaa, na ncha nyingine nikaigusisha kwenye kichwa cha betri, kile kinachofungwa ethi.

Taa zikawa nyeupe.

Mchana, ndani ya banda la makuti, mwanga ukapiga ukuta wa udongo mpaka tukaona nyufa zake.

Kaka Hemedi akainama akautazama ule waya. Kisha akasema, "Toa." Nikatoa. Zikarudi nyekundu. "Rudisha." Nikarudisha. Nyeupe. Tukafanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, toa, rudisha, tukicheka kama watu wawili waliopata wazimu mmoja.

Akatandika jamvi, akaingia chini ya gari, nami nikaingia upande wa pili. Tulipoupata ule waya haukufanana na waya. Ni mkanda uliosukwa kwa nyuzi za shaba, lakini ulikuwa umegeuka kijani, na pale ulipofungwa kwenye chesisi ulikuwa umevimba unga mweupe. Nilipouvuta kidogo ulikatika mkononi mwangu kama ukili mkavu. Nyuzi chache tu ndizo zilizokuwa zimeshikilia. Gari likitikisika vizuri zinagusana, likitikisika vibaya zinaachana. Kumbe ndiyo maana betri haikujaa hata dainamo ilipobadilishwa kaboni. Umeme ulikuwa hauna mlango wa kurudia nyumbani.

Ule unga mweupe nikaugusa kwa kidole, nikaulamba.

"Dada mwalimu, hiyo ni asidi!"

Haikuwa asidi. Nimezaliwa Kivinje, pwani. Naijua ladha ile tangu kabla sijajua kusema. Ilikuwa chumvi.

Nikabaki nimelala chali kwenye jamvi, chini ya chuma, ladha ya kwetu mdomoni. Nyumbani kwa bibi yangu kila msumari wa dirisha umeliwa, bawaba zinabadilishwa kila baada ya miaka michache, na hakuna anayeshangaa. Lakini hiyo ni kazi ya upepo wa miaka. Hapa kulikuwa na michirizi. Chumvi ilikuwa imechuruzika kwenye chesisi, ikakauka, ikachuruzika tena juu yake, kama nta ya mshumaa. Hii haikuletwa na upepo. Hii ilimwagwa.

Nilikuwa bado namuuliza kaka Hemedi anaoshea gari wapi, naye ananijibu kwamba yeye haoshi, gari huoshwa na kina mama, tena kwa maji ya kisima, ndipo tukasikia sauti za wanawake wanapanda kutoka ufukweni.

Leo ni Alhamisi. Nilikuwa nimesahau.

Walikuja na madebe kichwani, maji yanarukaruka, mbele yao Bi Somoe. Niwaeleze wewe na mimi wa baadaye Bi Somoe ni nani, kama nitakuwa nimemsahau, ingawa sidhani. Ni mwanafunzi wangu wa mstari wa mbele, mrefu, mwenye kucheka kwa pua. Mwaka jana binti yake, Zainabu, alishikwa na uchungu ukakataa kwisha, na landrova ndilo lililomfikisha hospitali. Humo njiani, ameshika bomba la kiti kwa mkono mmoja na mguu wa mwanawe kwa mwingine, Bi Somoe aliweka nadhiri: mwanangu akitoka salama, gari hili nitaliosha kila Alhamisi, liamkie Ijumaa likiwa safi, mpaka nife. Zainabu alitoka salama. Mtoto sasa anatambaa. Bi Somoe hajakosa Alhamisi hata moja, na majirani wanamsindikiza.

Nilikuwa nikiwaona wakishuka na madebe kila wiki saa ambayo kaka Hemedi huenda kuswali kisha kucheza bao. Nikadhani wanakwenda kuchota maji ya kuchemshia chumvi. Sikuwahi kuuliza. Mvua zilipokatika kisima kilipungua, kamati ya kijiji ikaweka zamu, madebe mawili kwa siku kwa kila nyumba. Nani angemwaga debe lake la kunywa kwenye gari? Na bahari ipo, kubwa, haina zamu. Mtu wa Kivinje asingefanya hivyo hata kwa kulazimishwa. Wao wametoka vilimani. Hakuna aliyewaambia. Wameishi na mimi mwaka mzima, mtoto wa pwani, na sikuwaambia chochote kuhusu bahari. Nilikuwa nawafundisha herufi.

Sasa nikiri jambo la pili, na hili ni zito zaidi.

Nilipowaona wanatua madebe, nilipiga hesabu kichwani. Kaka Hemedi alikuwa ameshaniambia kuna waya mzima kwenye lile lori bovu la watu wa barabara, nje ya kijiji. Akiufunga leo, hata Bi Somoe akimwaga bahari yote juu yake, gari litafika Lindi kesho. Litafika na kurudi. Itachukua miezi kabla ya chumvi kuumaliza tena. Kwa nini niseme? Kwa nini nimwaibishe mwanamke mbele ya wenzake, siku moja kabla sijaondoka? Niliona neno "huruma" linakuja kunisaidia. Lakini haikuwa huruma. Nilikuwa naogopa maneno yatakuwa mengi, mwenyekiti ataitwa, kutakuwa na kikao, na kesho itanipita tukiwa bado tunajadili.

Kisha nikamwona Zainabu nyuma ya wenzake, debe kichwani, mtoto mgongoni. Tumbo lake limeanza kuonekana tena.

Nikamvuta Bi Somoe pembeni. Nikamwamkia shikamoo kwa mara ya pili leo, kwa kukosa pa kuanzia. Akaitikia marahaba, akanitazama mikono. Nikampa ule mkanda uliokatika. Nikamweleza taratibu kwamba maji ya bahari yakikauka yanaacha chumvi, na chumvi inakula chuma na shaba, na hapa ndipo umeme unapopita.

Akaugeuzageuza. Akafikicha nyuzi, unga wa kijani ukamshika vidoleni.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Ni chumvi, Bi Somoe."

"Chumvi haikupanda kilima yenyewe, mwalimu."

Wenzake walikuwa wamesogea, na mmoja, jirani yake mwenye ulimi, akasema yeye tangu mwanzo alishangaa, maji yanayowasha ngozi vile yataachaje kitu cha watu. Bi Somoe hata hakugeuka.

"Ulishangaa lini? Wewe Alhamisi zote unakuja na kata moja na umbea debe zima."

Wakacheka, hata yule jirani. Mimi nilikuwa nikingoja alie, au akasirike, au aseme nadhiri ni nadhiri na aendelee kumwaga. Midomo yake ilisogea kama anaposoma. Kisha akasema, "Niliahidi kuliosha. Maji sikuyataja."

Akamwaga debe la bahari pale pale chini, mbali na gari, akaenda nyumbani kwake. Aliporudi alikuwa na maji ya kisima. Ya zamu yake. Madebe yote mawili, moja kichwani kwake, moja kichwani kwa Zainabu.

Nikamwambia hapana, abakize moja la kupikia. Akaniuliza ni mimi niliyeweka nadhiri au yeye.

Basi nikawaonyesha pa kumwaga: si juu kwenye rangi, watu wanapoona, bali chini, kwenye chesisi, chumvi itoke. Wale wengine walinung'unika, kisha mmoja mmoja wakaenda na kurudi, huyu na kata, huyu na nusu ndoo. Na mimi nilikuwa na ndoo yangu chumbani. Nilikuwa nimeihifadhi tangu jana, nioge na nioshe nywele, nisimame mbele ya kamati nikiwa mtu. Nikaileta.

Ndiyo hiyo sababu ya kutooga.

Kaka Hemedi alirudi na waya wa lile lori. Akasugua chesisi kwa msasa mpaka ikang'aa, akakaza nati, akapaka grisi juu ya kila kitu, na mimi nikapaka tena alipopaka. Akageuza ufunguo. Halikusema tak. Liliitika mara moja, kama mtu aliyekuwa macho akingoja kuitwa. Honi ikalia mpaka kuku wakaruka. Aliliacha likiunguruma polepole kabisa, mwendo ambao siku zote lilizimikia, akawasha na taa. Halikuzimika.

Wanawake walipiga vigelegele. Mimi nilisimama pale nikitamani kufurahi. Mlango ulikuwa umefunguka, niliokuwa nikiugonga wiki nzima, na nilijisikia kama mtu anayetoka nyumba ya watu na kitu chini ya kanga.

Wengine walipoondoka nikamsaidia Bi Somoe kukusanya madebe. Nikamwambia. Nikasema kesho siendi kuchukua chaki. Nakwenda kuomba niondoke.

Alicheka kwa pua. "Tunajua, mwalimu. Mwenyekiti alimwambia mkewe."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Jumatatu. Unafikiri tulisukuma gari kwa ajili ya chaki?"

Nilianza habari za masomo, kwamba nikihitimu nitarudi kulitumikia taifa, maneno niliyoyaandaa kwa ajili ya kamati. Yalitoka mepesi, kama yanasomwa na mtu mwingine. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa ile adabu yao. Kisha akaweka debe ndani ya debe.

"Wewe usiporudi tutaletewa mwalimu mwingine, tutamzoea," akasema. "Gari lisiporudi, hakuna wa kutuletea jingine. Na Zainabu umemwona."

Nikamwambia gari litarudi.

"Basi niahidi hilo tu. Mengine usiniahidi."

Nimeandika haraka, mwanga unapungua na mafuta ya taa nayaweka akiba. Jua linaingia. Nyumbani kwa Bi Somoe hakuna moshi. Sijui wanapikia maji gani leo, na nimeona haya kwenda kuuliza.

Gauni langu limenyooshwa, lina doa jipya la grisi pindoni. Nywele zangu zina vumbi la chini ya gari. Mwenyekiti ametuma mtu kuniambia tutaondoka alfajiri, baada ya sala, na kwamba atanisemea vizuri. Naamini. Ndicho ninachokiogopa pia, kwamba atasimama na kusema mambo mazuri ambayo mimi mwenyewe sikuyaona nikiyafanya, kwa sababu nilikuwa natazama dirishani.

Wakiniuliza kijiji kimenifundisha nini, nitaanzia wapi? Kwa ule unga kwenye ulimi?

Nimekwenda bandani tena kabla ya kukaa kuandika. Nimeinama, nimeushika waya mpya, nimeutikisa. Umekaza. Chini yake ardhi bado ina unyevu, na kuku wanakunywa palipotuama.

Gari litarudi. Hilo nimeahidi, na hilo nitalisimamia hata nikibaki Lindi.

La mimi kurudi sikuombwa.